Tipula: Historia ya Kumtaja na Kumchunguza Mdudu wa Miguu Mirefu

Tipula ni wadudu wa oda ya nzi, yaani wadudu wenye jozi moja tu ya mabawa, na hutambulika kwa mwili mwembamba na miguu mirefu mno ambayo hukatika kwa urahisi wanaposhikwa. Usiku huingia majumbani wakiifuata taa, na kwa kuwa umbo lao linafanana na la mbu aliyekua kupita kiasi, watu wengi huwaua wakidhani kwamba wanauma au wanaeneza malaria, ilhali hawana mdomo wa kutoboa ngozi wala hawanyonyi damu ya kiumbe yeyote. Mahali ambapo wadudu wengi wana jozi ya pili ya mabawa, tipula ana vijiti viwili vyenye vichwa vya mviringo vinavyomsaidia kujiweka sawa anaporuka, na kwake vijiti hivyo ni vikubwa kiasi cha kuonekana bila kioo cha kukuzia. Maisha yake akiwa na mabawa ni mafupi, aghalabu siku chache tu; sehemu kubwa ya umri wake huipitisha akiwa buu, yaani mtoto asiye na miguu, anayeishi ndani ya udongo wenye unyevu, kwenye matope ya vijito, katikati ya kuvumwani au ndani ya magogo yanayooza.

Spishi za tipula zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 15,000, wakati spishi zote za mbu duniani hazifiki 4,000, na kwa hiyo kundi hili lisilo na sifa mitaani ni miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya nzi. Idadi hiyo haikutokana na jeshi la watafiti. Ilikusanywa, kwa sehemu kubwa mno, na watu wachache waliokaa miaka mingi mbele ya hadubini wakilinganisha bawa na bawa, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka mezani kwa mtu mmoja. Elimu ya jeni, ambayo ndiyo elimu ya urithi wa sifa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, iliwafikia tipula kwa njia mbili zilizokwenda mbalimbali kwa miongo mingi: njia moja ilitaka kujua seli inavyogawanyika, na haikujali sana ni spishi gani iliyotoa seli hiyo, njia nyingine ilikuja baadaye sana, kupima iwapo majina yaliyotolewa kwa macho yanalingana na nasaba halisi ya wadudu wenyewe. Historia ya namna njia hizo mbili zilivyokutana na kazi ya zamani ya uainishaji inastahili kuelezwa, kwa sababu inaonyesha kwamba maabara ya kisasa bado inasimama juu ya kabati la makumbusho.

Mwanzo wa kuandikwa kwa majina hayo ni mwaka 1758, pale Carl Linnaeus wa Uswidi alipochapa toleo la 10 la kitabu chake cha Systema Naturae na kuweka humo jenasi ya Tipula, jenasi ikiwa ni kundi dogo la spishi zenye undugu wa karibu. Jenasi hiyo ya kwanza ilikuwa pana kuliko ilivyo leo, kwani Linnaeus aliwatia ndani yake hata visubi wasiouma wa majini ambao sasa wana familia yao wenyewe. Aliyeanza kuwatenganisha kwa makini alikuwa Johann Wilhelm Meigen, Mjerumani wa eneo la Aachen, ambaye baina ya mwaka 1818 na 1838 alitoa mfululizo wa vitabu juu ya nzi wa Ulaya, na ambaye mwaka 1830 aliipa jina Tipula paludosa, spishi itakayotajwa tena na tena katika historia hii kwa sababu mabuu wake hula mizizi ya nyasi na mazao.

Katika karne ya 19 uainishaji wa tipula ulipata msingi wake kutoka kwa mtu ambaye kazi yake rasmi ilikuwa diplomasia. Carl Robert Osten Sacken, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1828, alipelekwa Marekani katika utumishi wa serikali ya Urusi, akahudumu Washington na kisha New York akiwa balozi mdogo, na muda wake wa mapumziko akautumia kukusanya nzi. Wengi aliwatuma Ulaya kwa Hermann Loew, Mjerumani aliyeandika maelezo ya spishi nyingi za Marekani bila kuwahi kuishi huko, na miongoni mwa majina aliyoyatoa Loew limo la Nephrotoma suturalis, mdudu mdogo wa manjano na mweusi ambaye karne moja baadaye angekuwa maarufu katika maabara za biolojia ya seli. Tipula wenyewe Osten Sacken aliwashughulikia kwa mkono wake, na mwaka 1869 alichapa kitabu kizima juu ya wale wenye vipapasio vifupi vya mdomo, ambao leo wengi wao huwekwa katika familia ya Limoniidae. Thamani ya kitabu hicho haimo katika wingi wa majina. Osten Sacken alionyesha ni sifa zipi zinazofaa kuaminiwa: mpangilio wa mishipa ya bawa, idadi ya pingili za papasi, na juu ya yote umbo la viungo vya uzazi vya dume, ambavyo katika kundi hili hutofautiana kwa spishi hata pale ambapo mwili mzima unaonekana uleule.

Juu ya msingi huo alijenga Charles Paul Alexander, Mmarekani aliyezaliwa katika jimbo la New York mwaka 1889, akasoma Cornell, na tangu mwaka 1922 akafundisha katika chuo cha kilimo cha Massachusetts huko Amherst, ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Massachusetts, hadi alipostaafu mwaka 1959. Makala zake zilizidi 1,000 na spishi alizozieleza kwa mara ya kwanza zilizidi 11,000, jumla ambayo ni takriban theluthi mbili ya tipula wote wanaojulikana. Ukigawanya kazi hiyo kwa miaka aliyoifanya, unapata spishi mpya zipatazo tatu kila wiki kwa zaidi ya miaka sitini, na hakuna kundi jingine la wadudu lenye ukubwa huu ambalo ujuzi wake unamtegemea mtu mmoja kwa kiasi hicho. Mkewe, Mabel, waliyeoana mwaka 1917, alikusanya naye katika safari za Amerika Kaskazini, alipanga faharasa na kutunza mkusanyiko uliojaza vyumba vya nyumba yao, na ni haki kusema kwamba bila yeye wingi huo usingewezekana, ingawa jina lake halionekani juu ya makala nyingi alizoziwezesha.

Namna alivyofanya kazi inaeleza nguvu na udhaifu wa urithi wake. Wadudu walimfikia kwa posta kutoka kila bara, wakiwa wamekunjwa katika karatasi. Yeye alitenganisha bawa, mguu na ncha ya tumbo la dume, akavibandika baina ya vioo vidogo vya hadubini, kisha akaandika maelezo mafupi ya rangi na mishipa pamoja na mchoro mdogo. Vioo hivyo, ambavyo ni makumi ya maelfu, sasa vimo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na mtafiti anayetaka kuhakikisha jina lolote hana budi kuvirudia, kwa kuwa maneno yaliyochapwa mara nyingi hayatoshi. Spishi nyingi zilielezwa kwa kielelezo kimoja tu, pengine jike peke yake, na Alexander hakuandika funguo za kutosha za kumsaidia mwingine kuzitofautisha. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini inasahau kwamba misitu mingi ambayo wadudu wake walitoka imekwisha kukatwa, na kwamba kilichookolewa na vioo hivyo hakiwezi kukusanywa tena na mtu yeyote.

Milima ya Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema. Katika mwaka 1905 na 1906 Msweden Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa kisayansi Kilimanjaro na Meru, na sehemu ya nzi wenye papasi ndefu, kundi linalojumuisha mbu na tipula, iliandikwa na Paul Speiser mwaka 1909. Msafara uliozaa matunda makubwa zaidi ulikuwa ule wa makumbusho ya taifa ya Uingereza kwenda Rwenzori mwaka 1934 na 1935, ambamo alikuwemo Frederick Wallace Edwards, mmoja wa wajuzi wakuu wa mbu na nzi wa jamii yao katika enzi hiyo. Edwards alifariki mwaka 1940 kabla ya matokeo yote kutoka, na tipula waliokusanywa wakapelekwa kwa Alexander, ambaye mwaka 1956 alichapa taarifa ya zaidi ya kurasa 200 juu yao. Taarifa hiyo bado ndiyo mlango wa kuingilia kwa yeyote anayetaka kuwafahamu tipula wa milima ya Uganda na mashariki ya Kongo, ingawa haikuandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kampala au wa Bukavu, na vielelezo vyake havikubaki Afrika.

Kwenye vilele vya milima hiyo tipula walionyesha jambo ambalo kwa mtaalamu wa urithi lina uzito mkubwa kuliko wingi wa spishi. George Salt wa Cambridge, aliyechunguza sehemu za juu za Kilimanjaro mwaka 1948 na kuchapa matokeo yake mwaka 1954, aliwakuta wadudu wa koo mbalimbali waliopoteza uwezo wa kuruka, na miongoni mwao tipula ambaye mabawa yake yamefupika hata yakawa mabaki tu. Upepo mkali na baridi ya usiku hufanya kuruka kuwe hatari, na mdudu asiyepoteza nguvu kwa kujenga misuli ya mabawa anaweza kuielekeza katika mayai. Jambo hilohilo limetokea mbali sana na ikweta, katika jenasi ya Chionea ya Ulaya na Amerika Kaskazini, ambayo wadudu wazima wake hawana mabawa kabisa na hutembea juu ya theluji wakati wa kipupwe. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba wadudu hao, mguu unapoanza kuganda, huukata wenyewe kabla barafu haijafika mwilini. Kupotea kwa mabawa kumejirudia katika koo zisizo na undugu wa karibu, na kwa hiyo ufupi wa bawa pekee hauwezi kuwa ushahidi wa nasaba, tahadhari ambayo waainishaji walilazimika kujifunza mapema.

Watu wa kawaida wa Ulaya, kwa upande wao, walimjua tipula kwa hasara. Mabuu wa Tipula paludosa na wa ndugu yake Tipula oleracea wana ngozi ngumu ya kijivu, hukaa chini ya nyasi na kula mizizi, na wakiwa wengi huacha malisho yakiwa na mabaka ya udongo mtupu. Mwaka 1935 waliuharibu uwanja wa kriketi wa Lord's mjini London kiasi kwamba wafanyakazi walilazimika kuwaokota na kuwachoma moto. Madhara hayo yalileta fedha za utafiti, na utafiti huo ulizaa ugunduzi ambao haukutarajiwa: mwaka 1954 N. Xeros alieleza ugonjwa wa virusi katika mabuu wa Tipula paludosa, ugonjwa unaoufanya mwili wa buu anayekufa ung'ae kwa rangi ya buluu, kwa sababu chembe za virusi hujipanga kwa safu sawasawa kama fuwele na kuirudisha nuru kwa namna hiyo. Katika miaka ya 1957 na 1958 Robley Williams na Kenneth Smith walipima chembe hizo kwa hadubini ya elektroni na kuonyesha kwamba kila moja ina umbo la pande 20 za pembetatu, mojawapo ya thibitisho za mwanzo kabisa za umbo ambalo sasa linajulikana kuwa la virusi vingi sana.

Njia ya kwanza ya elimu ya jeni ilianza nchini Ujerumani kwa Hans Bauer, aliyechapa mwaka 1931 uchunguzi wa kromosomu za Tipula paludosa. Kromosomu ni nyuzi zilizobeba jeni ndani ya kiini cha seli, na tipula wa jenasi za Tipula na Nephrotoma waliochunguzwa wana 8 tu: jozi 3 za kawaida na jozi 1 ya jinsia, ambayo kwa dume ina kromosomu mbili zisizolingana ziitwazo X na Y. Bauer, ambaye miaka miwili baadaye pamoja na Emil Heitz angeeleza kromosomu kubwa ajabu za nzi wa jenasi nyingine, aliona pia ndani ya seli za mayai ya tipula donge linaloshika rangi ya kromosomu bila kuwa kromosomu. Mwaka 1962 Antonio Lima-de-Faria wa Lund, Uswidi, alionyesha kwamba donge hilo lina DNA, yaani kemikali yenyewe ya urithi, inayojinakili kwa wakati wake mbali na ule wa kromosomu.

Uchache wa kromosomu haukuwa sababu pekee ya kuwapenda tipula. Mabuu wake hufugika maabara, na katika hatua ya mwisho ya ubuu kende za dume hujaa seli kubwa zilizo angavu, zinazoingia kwa pamoja katika meiosisi, mgawanyiko unaotoa mbegu za kiume zenye nusu ya kromosomu za mzazi. Katika mgawanyiko huo seli hujenga spindeli, mfumo wa nyuzi nyembamba zinazoshika kromosomu na kuzipeleka kwenye ncha mbili, na kwa tipula kazi hiyo yote huonekana katika seli hai bila kuitia rangi wala kuiua. R. Dietz, mwanafunzi wa shule hiyohiyo ya Bauer, alichora mwaka 1956 mwendo wa kila kromosomu dakika kwa dakika, na mwaka 1961 yeye, Bauer na Christel Röbbelen waliufuatilia mwendo huo katika madume wa Tipula oleracea ambao vipande vya kromosomu zao vilikuwa vimebadilishana mahali. Jambo lililowashangaza zaidi wataalamu lilikuwa mwendo wa X na Y. Jozi za kawaida hutengana kwanza na kwenda kwenye ncha. X na Y, ambazo hazikuwa zimeshikana, hubaki katikati kila moja ikiwa imefungwa kwa nyuzi za pande zote mbili, na baada ya wenzao kuwa wamekaribia kufika ndipo nazo huondoka, moja upande huu na nyingine upande ule, bila kukosea. Kwa kuwa hazigusani, lazima pawe na njia ya kupeana habari au nguvu kupitia spindeli, na swali hilo limewashughulisha watafiti wa kizazi baada ya kizazi, akiwemo Harald Fuge aliyezikata seli hizo vipande vyembamba mno ili azisome kwa hadubini ya elektroni.

Nchini Marekani mdudu aliyetumiwa alikuwa Nephrotoma suturalis, yuleyule wa Loew. Shinya Inoué alikuwa amethibitisha mwaka 1953, kwa hadubini inayotumia nuru inayotetemeka katika mwelekeo mmoja tu, kwamba nyuzi za spindeli zipo kweli katika seli hai na si alama zinazoletwa na dawa za kuhifadhia. Mwanafunzi wake Arthur Forer alichukua hatua iliyofuata: kwa mwale mwembamba wa urujuanimno aliharibu sehemu ndogo ya uzi mmoja ndani ya seli ya tipula, na mwaka 1965 akaripoti kwamba alama ya jeraha haikukaa mahali pake bali ilisogea kuelekea ncha ya seli. Maana yake ilikuwa kwamba nyuzi hizo si kamba zilizotulia. Zinajengwa upande wa kromosomu na kubomolewa upande wa ncha, hivyo kila kipande chake kiko safarini. Wazo hilo lilipokelewa polepole, likathibitishwa kwa njia nyingine miongo kadhaa baadaye, na James LaFountain wa Buffalo pamoja na Rudolf Oldenbourg wa Woods Hole waliendelea kulipima katika seli za tipula hadi karne ya 21. Inafaa kutilia mkazo kwamba katika kazi hii yote jina la spishi lilikuwa lebo ya chupa tu, na watafiti wa seli hawakuwa na haja ya kumsoma Alexander, wala waandamizi wa Alexander hawakuwa na haja ya kusoma makala juu ya spindeli.

Pengo hilo lilianza kuzibwa kwa swali la nasaba. Tipula kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa familia moja, hadi Jaroslav Starý wa Olomouc alipotoa hoja mwaka 1992 ya kuwagawa katika familia nne: Tipulidae, Limoniidae, Pediciidae na Cylindrotomidae. Mwaka mmoja kabla yake Waholanzi Pjotr Oosterbroek na Br. Theowald walikuwa wamejenga mti wa undugu kwa kutumia sifa za mabuu na za mabundo, yaani hatua iliyo kati ya buu na mdudu mwenye mabawa, peke yake, hatua ya kijasiri kwa kuwa mabuu wa spishi nyingi hawajawahi kuelezwa. Ushahidi wa visukuku ulionyesha kwamba kundi hili ni la kale sana: kuna bawa lililochapwa katika mawe ya milima ya Vosges, Ufaransa, ya kipindi cha Triasiki, yapata miaka milioni 240 iliyopita, na kaharabu ya Baltiki, ambayo ni utomvu uliogeuka jiwe kwa muda mrefu kuliko sandarusi ya pwani ya Afrika Mashariki, imehifadhi spishi nyingi ambazo Alexander aliziandikia kitabu mwaka 1931. Mwaka 2010 Matthew Petersen na wenzake waliunganisha sifa za umbo na mfuatano wa DNA ya jeni chache, wakakuta kwamba Limoniidae si tawi moja, bali ni mkusanyiko wa matawi ambayo baadhi yake yana undugu wa karibu zaidi na Tipulidae kuliko na wenzao wa jina moja. Walipendekeza familia mbili tu zitambuliwe. Wataalamu wengi wameendelea kutumia nne kwa urahisi wa kazi, na hapo panaonekana wazi kwamba mpangilio wa kabati na mpangilio wa nasaba ni vitu viwili ambavyo havijapatana.

Njia ya pili ya jeni, ile ya kupima majina, ilifunguka mwaka 2003 pale Paul Hebert wa Guelph, Kanada, alipopendekeza kwamba kipande kimoja cha DNA chenye herufi zipatazo 650, kinachochukuliwa kutoka kwenye mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nguvu na ambazo hurithiwa kwa mama, kitumike kama alama ya kuitambua spishi ya mnyama. Kwa tipula faida ya kwanza ilikuwa ya kilimo. Tipula paludosa alikuwa amekwisha kuingia Amerika Kaskazini, akionekana Nova Scotia mwaka 1955 na British Columbia mwaka 1965, na Tipula oleracea akamfuata katika pwani ya magharibi katika miaka ya 1990. Wakiwa wazima wanatofautishwa na mjuzi, kwani wa kwanza ana pingili 14 za papasi na wa pili 13, na macho ya wa pili hukaribiana zaidi chini ya kichwa. Lakini mabuu wao, ambao ndio wanaokula mizizi, hawatofautiki kwa urahisi, na kuwatofautisha ni muhimu kwa sababu oleracea huzaa vizazi viwili kwa mwaka ilhali paludosa huzaa kimoja. Mwaka 2006 watafiti wa Oregon walionyesha kwamba kipande cha jeni nyingine ya mitokondria kinawatenga mabuu hao bila shaka.

Faida kubwa zaidi ilionekana kaskazini ya Ulaya, eneo ambalo tipula wake walidhaniwa kuwa wamekwisha kuandikwa wote. Mwaka 2012 Valentin Pilipenko, Jukka Salmela na Eero Vesterinen walieleza spishi mpya kutoka Finland na Urusi, wakaiita Tipula recondita, na maelezo yao yalibeba pamoja michoro ya viungo vya uzazi vya dume na mfuatano wa alama ya DNA. Mwaka 2014 Salmela na wenzake wakaongeza Dicranomyia boreobaltica wa pwani ya kaskazini ya Bahari ya Baltiki, spishi iliyokuwa imejificha nyuma ya jina la jirani yake. Kazi hizo mbili ni mfano mwema wa namna inavyopaswa kufanywa, kwa sababu ndani yake DNA haikutumiwa kumnyamazisha mwainishaji. Tofauti ya herufi iliwaonyesha watafiti mahali pa kutazama, nao walipotazama wakaiona pia katika umbo, na spishi ikasimama kwa miguu miwili.

Uangalifu huo una sababu. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo jike mmoja wa spishi jirani akizaa na dume wa spishi nyingine katika zama za kale anaweza kuacha alama yake ya mitokondria ndani ya ukoo usio wake, na bakteria wanaorithiwa ndani ya mayai ya wadudu wengi wanaweza kuieneza alama moja hadi ikafuta nyingine. Spishi changa, ambazo zimetengana karibuni, zinaweza pia kuwa na alama ileile. Kwa upande mwingine, alama ya DNA isiyo na kielelezo kilichohifadhiwa ni namba tu. Haiwezi kuambiwa jina hadi ilinganishwe na mdudu ambaye amelinganishwa na kielelezo cha msingi, yaani yule mdudu mmoja ambaye jina la spishi limefungwa kwake daima, na kwa theluthi mbili za tipula mdudu huyo alipita mikononi mwa Alexander. Sasa jenomu nzima, yaani jumla ya DNA ya kiumbe, imekwisha kusomwa kwa tipula kadhaa wa Uingereza chini ya mradi wa Darwin Tree of Life, akiwemo Nephrotoma flavescens ambaye ni wa jenasi ileile aliyoichunguza Forer. Hapo hatimaye njia mbili za jeni zimeanza kukutana, kwa kuwa herufi za kromosomu ambazo wataalamu wa seli walizitazama zikitembea tangu miaka ya 1930 zinaweza sasa kusomwa na kulinganishwa kati ya spishi na spishi.

Kwa Afrika, kazi ya kuunganisha majina na DNA ina mahali pazuri pa kuanzia. Orodha ya tipula wa bara kusini mwa Sahara ilitolewa na A. M. Hutson mwaka 1980 ndani ya katalogi kubwa ya nzi wa Afrika, na mwaka 2017 Herman de Jong wa Leiden aliandika sura ya tipula katika mwongozo wa nzi wa Afrika uliochapwa Pretoria, ambao unamwezesha mtafiti kumfikisha mdudu wake kwenye jenasi kwa kutumia funguo badala ya kukisia. Kinachofuata ni kukusanya upya katika mabonde na matuta yaleyale ya Rwenzori, Elgon, Kilimanjaro na Meru ambako wadudu wa mwanzo walichukuliwa, kuhifadhi mwili mzima katika kileo na viungo vya dume kwenye kioo, kusoma alama yake ya DNA, na kuviweka vyote katika makumbusho ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam pamoja na nakala ya picha za vielelezo vya London na Washington. Kwa njia hiyo buu atakayeokotwa chini ya jiwe katika kijito cha bonde la Mubuku, Rwenzori, ataweza kuunganishwa na mzazi wake mwenye mabawa, na mzazi huyo kuunganishwa na jina lililochapwa mwaka 1956; na pale ambapo jina halipo, mwandishi wa maelezo mapya atakuwa na kielelezo mkononi cha kulifunga.